Audacity na kanda za babu: tathmini ya programu ya kupunguza kelele

Kwa muda wa miezi minne nimeitumia programu ya Audacity hapa Mbeya kuhamishia kwenye kompyuta kanda 23 za kaseti zilizokuwa zimehifadhiwa katika sanduku la bati nyumbani kwa mama, Tukuyu, na tathmini hii inahusu hasa sehemu yake moja, yaani kifaa chake cha kupunguza kelele. Nitaeleza pia vifaa nilivyoviunganisha na kompyuta, kwa sababu sehemu kubwa ya kelele nilizotaka programu iniondolee hazikuwa za kanda hata kidogo. Zilikuwa za waya wangu, za chaja yangu na za redio kaseti ambayo haikuwahi kufutwa vumbi tangu iliponunuliwa.

Kabla ya kuanza kazi hii mwenyewe nilipeleka kanda mbili katika duka moja jijini linalotoa huduma ya kuhamisha kaseti na mikanda ya video. Kazi ilikamilika kwa siku mbili, bei haikuumiza, na faili zilirudi kwenye flashi zikiwa safi kupita kiasi. Katika mojawapo ya kanda hizo babu anasimulia habari za ukoo na za mashamba yaliyogawanywa kabla mama hajazaliwa, kwa Kinyakyusa kilichochanganyika na Kiswahili. Kila alipotua kuvuta pumzi, sauti zote zilikatika ghafla, na alipoendelea, maneno yake yalitoka yakiwa yamezungukwa na vilio vidogo vidogo vya kengele, kama mtu anayetikisa funguo chini ya maji. Mama alisikiliza kwa dakika moja tu, akavua hedifoni, akasema, "Mwanangu, huyu si baba. Huyu ni mtu aliyefungiwa kwenye pipa." Nilirudi dukani kuomba faili la awali, lile la kabla ya kusafishwa, nikaambiwa kwamba limefutwa ili kupata nafasi. Silitaji duka hilo, kwa kuwa nina hakika si la pekee. Kusafisha kupita kiasi ni kosa linalosameheka, lakini kufuta nakala ghafi ni jambo ambalo mteja anapaswa kulizuia kwa kuuliza mapema, kabla ya kukabidhi kanda yake.

Ni haki kwa programu yoyote kuanza kwa kueleza ugumu wa kazi inayopewa. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitambulisha mwaka 1963, hutumia utepe wenye upana wa milimita 3.81 unaotembea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na juu ya upana huo mdogo rekodi ya stirio hupangwa katika mistari minne, miwili kwa kila upande wa kanda. Mitambo ya studio ya zama hizo iliweza kuuendesha utepe mpana zaidi kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde. Utepe unapokuwa mwembamba na wa polepole, chembe za sumaku zinazopita mbele ya kichwa cha kusomea huwa chache, na mpangilio wao usio sawa husikika kama ile "shhh" isiyokoma ambayo kila aliyekua na redio kaseti anaijua. Teknolojia ya Dolby B iliyoanza mwaka 1968 ilipunguza shhh hiyo kwa takriban desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini ilihitaji kuwapo wakati wa kurekodi na pia wakati wa kucheza, na redio kaseti za betri zilizozunguka vijijini kwetu hazikuwa nayo. Kwa hiyo msomaji mwenye deki yenye kitufe cha Dolby asikibonyeze kwa kanda za nyumbani akidhani anaondoa kelele, kwa maana kitufe hicho kitafifisha sauti kali zote, za mtu na za kanda kwa pamoja.

Audacity yenyewe ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, kwa kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na tangu 2021 iko chini ya kampuni ya Muse Group. Ni ya bure, na ikishapakuliwa mara moja hufanya kazi zote nilizozihitaji bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu anayenunua bando lina uzito wake. Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani, lakini haikulemewa.

Mvumo wa umeme ndio ulionifundisha somo la kwanza. Nilipoichomeka redio kaseti kwenye tundu la kipaza sauti la kompyuta na kuanza kurekodi kanda ya babu, chini ya sauti yake palikuwa na "mmm" nzito isiyobadilika, nami nikaanza moja kwa moja kutafuta namna ya kuiondoa ndani ya Audacity. Nilishughulika kwa jioni mbili. Siku ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba kanda ile ilirekodiwa kwa redio ya betri, katika kijiji ambacho wakati huo hakikuwa na nguzo hata moja ya umeme. Mvumo wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya umeme wa gridi nchini mwetu, haungeweza kuwa umo kwenye kanda. Ulikuwa unazaliwa mezani kwangu. Nilichomoa chaja ya kompyuta nikaendelea kwa betri yake, na mvumo ukatoweka papo hapo. Chanzo chake ni kwamba vifaa viwili vilivyochomekwa katika umeme wa ukutani, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti, huweza kufanya mzunguko unaopitisha mkondo mdogo ndani ya waya huo. Tangu siku hiyo kila kanda ya dakika 60 naihamisha kwa betri, kisha kompyuta inachajiwa wakati mimi ninakunywa chai.

Tundu lile la kipaza sauti nalo nililiacha. Limetengenezwa kupokea sauti dhaifu na kuikuza sana, kwa hiyo sauti ya redio kaseti ikiingia humo hukwaruza, na kikuzaji chenyewe huongeza shhh yake juu ya ile ya kanda. Katika kompyuta nyingi tundu hilo pia hupokea upande mmoja tu wa stirio. Niliazima kwa rafiki anayerekodi kwaya kadi ya sauti ya nje, Behringer UCA202, ambayo hupokea waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe kama ule wa deki za televisheni na kuingia kwenye kompyuta kwa USB. Ni kifaa kidogo cha biti 16 kisicho na mbwembwe, na kwa kaseti kinatosha kabisa. Anayetumia Windows aingie pia katika mipangilio ya sauti azime maboresho yote ya mfumo, kwa sababu baadhi yake hujaribu kupunguza kelele kabla sauti haijafika kwenye Audacity, na hufanya hivyo kwa ajili ya mikutano ya video.

Kuhusu vile vichezeo vidogo vya kaseti vyenye USB, vinavyouzwa kama suluhisho la yote kwa pamoja, nilijaribu kimoja nikakirudisha. Mwendo wake uliyumba, mota yake ilisikika ndani ya rekodi, na muziki wa kinanda uliyeyuka kama nta. Kelele inayoyumba pamoja na mwendo wa utepe haitolewi na programu yoyote ninayoifahamu.

Hatua iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote haikuhusu kompyuta. Niliipeleka deki ya mitumba niliyoinunua Mwanjelwa kwa fundi redio mmoja, mzee anayefanya kazi zake kibarazani, naye kabla ya kugusa chochote aliniuliza, "Mwalimu, hiki kichwa umekisafisha lini?" Sikuwa na jibu. Alichovya pamba katika spiriti safi ya isopropili, akasugua kichwa cha kusomea na mpira wa kuvutia utepe, na pamba ikatoka na rangi ya kahawia iliyokoza, ambayo ni unga wa kanda za miaka mingi. Kisha akachukua bisibisi nyembamba, akagusa skrubu iliyo pembeni ya kichwa huku kanda ikicheza, akaizungusha chini ya robo mzunguko kwenda na kurudi hadi sauti ya babu ikafunguka kama dirisha. Skrubu hiyo hurekebisha mkao wa kichwa kulingana na mistari iliyorekodiwa. Kichwa kikiinama hata kidogo tu, sauti kali za juu hupotea, na mtu huishia kuongeza nguvu ya sauti za juu ndani ya programu, jambo ambalo huongeza shhh vilevile. Kwa kuwa kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, marekebisho haya yanapaswa kufanywa kwa kila kanda. Mimi sasa nayafanya mwenyewe, kwa sikio, kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Baada ya hayo ndipo programu inapostahili kupewa kazi. Kifaa chenyewe kinapatikana katika menyu ya madoido kwa jina la Noise Reduction, na hutumika kwa hatua mbili. Kwanza unachagua kipande ambacho kina kelele peke yake, bila mtu kuzungumza, na kuiambia programu ikikariri kama sampuli. Kisha unachagua rekodi nzima na kuiamuru ipunguze kelele zinazofanana na sampuli hiyo. Ndani yake programu huigawa sauti katika vipande vingi vyembamba vya masafa, kuanzia sauti nzito hadi kali, na katika kila kipande huuliza kama nguvu iliyopo inazidi ile ya sampuli. Ikizidi, huihesabu kuwa sauti ya mtu na kuiacha. Isipozidi, huishusha kwa kiasi ulichokiweka. Kwa hiyo haiondoi kelele iliyo chini ya neno linalotamkwa. Inaipunguza pale ambapo neno halipo, na sikio letu hudanganyika kwa hiari.

Ubora wa matokeo hutegemea sampuli kuliko mipangilio mingine yote, na hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi. Mwanzoni nilichukua sampuli katika sekunde za kwanza kabisa za kanda, nikishangaa kwa nini programu haiondoi chochote. Sababu ni kwamba mwanzo wa kaseti huwa na kipande cha plastiki kisicho na sumaku, kile kinachoonekana wazi ukitazama kupitia dirisha la kanda, na kelele ya kipande hicho ni ya mashine tu. Sampuli inafaa ichukuliwe baada ya hapo, pale kitufe cha kurekodi kilipokwisha kubonyezwa na mzungumzaji bado anakohoa au kujiweka sawa. Sekunde mbili zinatosha. Upande wa pili wa kanda unahitaji sampuli yake, hata kama ulirekodiwa siku ileile.

Kuna tatizo jingine ambalo kanda za nyumbani zinalo. Redio kaseti nyingi za kubebeka zilikuwa na saketi ya kurekebisha kiwango cha sauti yenyewe: mzungumzaji akipaza sauti, inapunguza; akinyamaza, inapandisha taratibu, na pamoja nayo inawapandisha kuku, upepo na watoto wa jirani. Katika kanda ya babu kelele hupanda na kushuka kama pumzi. Ukichukua sampuli mahali aliponyamaza kwa muda mrefu, unapata kelele kubwa kuliko ile iliyo chini ya maneno yake, na programu huanza kuyala maneno. Nilipata matokeo mazuri zaidi kwa kuchukua sampuli katika vituo vifupi, pale anapomeza mate kati ya sentensi mbili, kabla saketi haijapandisha.

Kuhusu kiasi cha kupunguza, ushauri wangu ni wa kubana mkono. Desibeli 6 hupunguza kimo cha wimbi la kelele hadi nusu, desibeli 12 hadi robo, na desibeli 20 hadi sehemu moja ya kumi. Nilijaribu zote tatu kwa kipande kimoja cha dakika tano. Kwa desibeli 20 zile kengele za chini ya maji zilirudi, na herufi za "s", "sh" na "f", ambazo kwa asili yake ni pumzi tupu na zinafanana mno na shhh ya kanda, zilianza kudondoka: "shamba" likasikika "amba", na "fisi" wa hadithi akabaki "ii". Kwa desibeli 12 hadithi ilieleweka, lakini sauti ilikuwa na ukavu. Kwa desibeli 6 hadi 8 shhh ilibaki, ikiwa imekaa mbali kama mvua iliyo upande wa pili wa mlima, na babu alikuwa babu. Audacity ina chaguo moja zuri sana linalokuwezesha kusikiliza kile tu kinachoondolewa. Ukilitumia na ukasikia maneno ndani ya takataka, umezidisha, rudi nyuma. Chaguo hilo pekee lingewaokoa wale wa dukani.

Njia nyingine ya kupunguza shhh, ambayo sikuitarajia, ni ya bure kabisa na haina madhara ya kengele. Redio ya babu ilikuwa ya sauti moja, si ya stirio, lakini deki yangu huisoma kanda kwa pande mbili. Sauti yake ni ileile kushoto na kulia, ilhali shhh ya kushoto si pacha wa ile ya kulia. Ukizichanganya pande hizo mbili kuwa moja ndani ya Audacity, sauti hujijumlisha kikamilifu na kelele hujijumlisha kwa sehemu tu, ukapata nafuu ya takriban desibeli 3 kabla hujagusa kifaa cha kupunguza kelele. Sharti ni kwamba skrubu ya kichwa iwe imeshawekwa sawa, vinginevyo pande mbili hupishana na sauti kali hufutana.

Yapo mambo ambayo programu hii haiyawezi, na ni vema mtu asiilaumu. Rungwe, wilaya ilipo Tukuyu, ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na katika kanda sita kati ya zile 23 mvua inapiga bati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mvua ya bati haina masafa yake maalumu. Imeenea juu ya sauti yote ya mwanadamu, na kila tone lina kishindo chake, kwa hiyo haifanani na sampuli kwa zaidi ya sekunde moja. Nilijaribu, nikaharibu, nikaacha. Mwangwi nao hautoki kwa kifaa hiki: binamu zangu wawili waliwahi kurekodi kanda zao kwa kushika simu mbele ya spika, na faili walizoniletea zina sebule nzima ndani yake. Makofi na vigelegele vya harusi nilivipitisha bila kugusa, kwa kuwa sioni sababu ya kuviita kelele.

Kanda moja ya kwaya, iliyorekodiwa kanisani mjini ambako umeme ulikuwepo, ilikuwa na mvumo wa kweli ndani yake. Kwa huo nilitumia kichujio chembamba cha Audacity kinachokata masafa mamoja, nikikata 50 kisha 100 na 150, bila kugusa besi. Nilipoutazama mvumo huo kwenye mchoro wa masafa niliukuta karibu na hezi 51, nikatambua kwamba deki yangu, au ile iliyorekodi, inakwenda kwa kasi isiyo sahihi kwa asilimia 2 hivi. Nilipoirekebisha kasi hiyo, wanakwaya walishuka kidogo, na mama, aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya hiyo, alisema kwamba sasa ndiyo wao.

Kuhusu uhifadhi sina mengi. Narekodi kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya kikomo, kwa sababu sauti iliyokatwa kichwa hairudishwi. Nahifadhi faili ghafi la WAV kabla ya kusafisha lolote. Kwa stirio ya kawaida ni takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani kanda ya saa moja huchukua megabaiti 600 na zaidi, na kwa sauti moja ni nusu ya hapo. Nakala iliyosafishwa naitoa kwa MP3 kwa ajili ya simu za ndugu. Betri ilipokwisha ghafla mara mbili katikati ya kurekodi, Audacity ilipofunguliwa tena ilijitolea kurejesha kazi, na mara zote mbili ilirejesha karibu yote.

Kwa kanda za mazungumzo zenye shhh ya kawaida, ninaipa programu hii alama nane kati ya kumi, na mbili nimezizuia kwa sababu maelezo ya vitelezi vyake hayamsaidii mgeni, hivyo mtu wa kawaida huvisukuma vyote hadi mwisho akidhani zaidi ni bora. Kwa kanda za mvua ya bati sitoi alama. Zimebaki kanda tatu zenye ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, ambazo sijathubutu kuziweka kwenye deki kwa hofu ya kuchafua kichwa na kuambukiza nyingine. Ziko kwa yule fundi wa kibarazani, ndani ya mfuko uliofungwa, naye ameniambia nisimpigie simu kabla ya kiangazi.